Kufikia nyumba ya wageni ya familia Chennai unapompeleka mgonjwa: mwongozo kamili

Familia nyingi zinazompeleka mgonjwa India hujiandaa vizuri kwa hospitali na kusahau mahali pa kulala. Tiketi ipo, viza ipo, barua ya daktari ipo. Chumba wanakitafuta baada ya kutua, saa nane usiku, mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Maswali ninayoletewa ni yaleyale. Nyumba imekataa kuwapokea kwa sababu ni raia wa kigeni. Mgonjwa katoka kupasuliwa goti, choo cha chumbani ni cha kuchuchumaa. Bili ya umeme imekuja peke yake mwisho wa mwezi na hakuna aliyeitegemea. Yote haya yanazuilika kabla hujaondoka nyumbani.

Hapa nazungumzia nyumba ndogo zinazoendeshwa na familia karibu na hospitali kubwa za Chennai, mji wa kusini mwa India, hasa mitaa ya Greams Road, Thousand Lights na Triplicane: vyumba vichache, wenye nyumba wanaishi humohumo au jirani, bei ya kawaida. Kwa mtu atakayekaa wiki kadhaa, mimi naona nyumba ya namna hii inafaa kuliko hoteli. Kuna jiko, kuna mtu wa kumuuliza duka la dawa liko wapi, na bei inazungumzika ukikaa muda mrefu. Ila lazima uichague kwa kuuliza, maana picha za mtandaoni hazionyeshi yanayomsumbua mgonjwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Viza sahihi. Mgonjwa awe na viza ya matibabu na anayemuuguza awe na viza ya msindikizaji wa mgonjwa. Kwa viza za mtandaoni, mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Usimpeleke mtu kulazwa kwa viza ya utalii.
- Nakala kadhaa za pasipoti na viza kwa kila mtu, kwenye karatasi na kwenye simu.
- Picha ndogo za pasipoti. Zitatakiwa kwenye laini ya simu, na mara nyingi hospitalini pia.
- Barua ya hospitali inayotaja jina la mgonjwa na tarehe ya miadi.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichanje wiki ya safari. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha, hivyo kadi ya zamani itafute, usiitupe.
- Dola safi, zisizochanika. Noti zikizidi dola 5,000 unatakiwa kuzitangaza forodhani unapoingia. Rupia usiinunue nyingi Dar wala Nairobi, kwa sababu kiasi ambacho mgeni anaruhusiwa kuingia nacho kina kikomo.
- Adapta. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za India, ambazo ni za pini za mviringo. Umeme wenyewe ni volti 230, kwa hiyo chaja na mashine ndogo za mgonjwa hazina shida.
- Ndala za mpira zisizoteleza, za mgonjwa na za muuguzaji.
- Chandarua chepesi. Dengi ipo Chennai, na mbu wake huuma mchana, wakati mgonjwa amejipumzisha.

## Hatua ya 1: Mpime mgonjwa kabla ya kuangalia bei

Kaa na mgonjwa, au na daktari wake, ujibu maswali haya: Ataweza kupanda ngazi baada ya matibabu? Ataweza kuchuchumaa? Ana dawa za kuwekwa kwenye friji? Anahitaji kiyoyozi au feni inatosha? Atakula nini?

Majibu ndiyo yatakayochagua nyumba. Anayekwenda kwa vipimo vya moyo na anayekwenda kubadilishwa nyonga hawafai chumba kimoja. Majengo mengi ya mitaa hii yana ghorofa mbili au tatu na ngazi nyembamba zisizo na lifti. Ghorofa ya chini ni rahisi kwa mgonjwa, lakini kama safari yenu iko kati ya Oktoba na Desemba, jua kwamba huo ndio msimu wa mvua kubwa Chennai. Mji huu ulifurika vibaya Desemba 2015, na tena Desemba 2023 kwa kimbunga Michaung. Msimu huo uliza wazi: maji huingia ndani? Ghorofa ya kwanza yenye lifti ndiyo salama zaidi.

Kuanzia Aprili hadi Juni joto hufika nyuzi 40. Mtu mwenye mshono mpya asilale chumba kisicho na kiyoyozi miezi hiyo, hata kama bei inavutia.

## Hatua ya 2: Hakikisha nyumba inaruhusiwa kupokea wageni wa nje

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu wengi, na ndiyo ninayoomba uisome mara mbili.

India inamtaka kila anayempa raia wa kigeni mahali pa kulala atoe taarifa kwa idara ya uhamiaji ndani ya saa 24 tangu mgeni afike. Taarifa hiyo wengi huiita Fomu C, ingawa kwa kanuni mpya za 2025 jina lake rasmi ni Fomu III. Anayeijaza ni mwenye nyumba, kwa mtandao, kwa akaunti aliyosajiliwa. Wewe unampa pasipoti, viza na muhuri wa kuingilia, yeye anajaza.

Nyumba ndogo ambayo haijasajiliwa ina njia mbili tu. Ya kwanza ni kukukataa mlangoni ukiwa na mabegi na mgonjwa. Ya pili, ambayo ni mbaya zaidi, ni kukupokea kimyakimya bila taarifa. Utaona umeokoa pesa. Kisha matibabu yanarefuka, unataka kuongeza muda wa viza, unaambiwa ulete uthibitisho wa makazi, na nakala ya Fomu C ndiyo uthibitisho wenyewe. Huna.

Kwa hiyo kabla ya kutuma senti yoyote, andika ujumbe mfupi kwa Kiingereza chepesi ukiuliza mambo matatu: Mnapokea raia wa Tanzania (au Kenya, Uganda, Kongo, popote utokako)? Mnajaza Fomu C? Mtanipa nakala yake? Taja nchi yako kwa jina. Ukisema "mgeni" tu, wengine hudhani ni Mhindi wa jimbo jingine, kwani mitaa hii imejaa wagonjwa kutoka Bengali na majimbo ya kaskazini-mashariki.

Tahadhari: jibu la "hakuna shida, njoo tu" si jibu. Uliza tena. Akikwepa mara ya pili, achana na nyumba hiyo.

Umefaulu ukiwa na ujumbe wa maandishi unaosema ndiyo kwa maswali yote matatu.

Kama huna pa kuanzia, liandikie dawati la wagonjwa wa kimataifa la hospitali unayokwenda. Hospitali kubwa zinalo, na nyumba zinazofahamika pale mara nyingi zimeshazoea Fomu C.

## Hatua ya 3: Uliza maji, umeme na jiko

Maji. Chennai ni mji unaojua kiu. Juni 2019 mabwawa yake makuu yalikauka karibu kabisa, na hadi leo nyumba nyingi huchanganya maji ya bomba la mji, ya kisima na ya lori. Ya kisima mara nyingi yana chumvi. Uliza kama maji ya kuoga yanatoka saa zote. Ya kunywa huletwa kwenye madumu ya lita 20. Uliza nani anayaagiza na nani anayapandisha juu, maana mgonjwa hawezi na pengine wewe pia huwezi.

Umeme. Umeme ukikatika, nyumba nyingi huwasha inveta, yaani umeme wa betri. Inveta hubeba taa na feni, kiyoyozi haibebi. Ukiambiwa kuna umeme wa akiba, uliza unaendesha nini. Kwa mgonjwa mwenye mashine ya oksijeni swali hili halina mjadala: nyumba iwe na jenereta, na uambiwe inachukua muda gani kuwaka.

Kisha uliza kama umeme umo kwenye kodi. Kwenye vyumba vya kukaa muda mrefu ni kawaida kila chumba kuwa na mita yake, na bili kuja kando. Kiyoyozi cha usiku kucha kitaipandisha.

Jiko. Uliza kama kuna gesi na sufuria, na nani analipia mtungi. Halafu uliza swali ambalo watu huona aibu kuliuliza: nyama, samaki na mayai vinaruhusiwa ndani? Baadhi ya familia za Kitamil, wenyeji wa hapa, hazili nyama kabisa, na harufu ya samaki wa kukaanga kwenye jiko lao huwaumiza kweli. Si chuki dhidi yako. Kama mgonjwa wako hawezi kumaliza wiki bila supu ya kuku, tafuta nyumba ya Waislamu au ya Wakristo. Triplicane, jirani na msikiti wa Wallajah uliojengwa 1795, ndiko kwa kuanzia kwa anayetaka chakula halali na msikiti wa kwenda kwa miguu. Thousand Lights nako kuna msikiti mkubwa.

Choo na bafu. Omba video, picha haitoshi. Tazama kama choo ni cha kukaa, kama mlangoni pa bafu kuna kizingiti cha kuvuka, na kama kuna kitu cha kushika ukutani. Bafu nyingi ni za ndoo na kopo, jambo tusilohitaji kufundishwa, lakini mwenye mshono wa tumbo hatakiwi kuinama kuchota. Omba kiti cha plastiki kiwekwe bafuni.

## Hatua ya 4: Lipia siku chache kwanza

Usilipie mwezi mzima ukiwa Afrika. Lipia siku tatu au nne za mwanzo, ukubaliane kwa maandishi bei ya wiki na ya mwezi utakayotozwa ukiridhika. Sababu ni kwamba daktari anaweza kumlaza mgonjwa siku ya pili, nawe ukabaki na chumba cha watu watatu unachokilalia peke yako.

Uliza pia siku inahesabiwaje. Nyumba nyingi Chennai huhesabu saa 24 tangu uingie, nyingine hufunga siku saa sita mchana. Ukifika saa kumi alfajiri, tofauti hiyo ni kodi ya siku nzima. Na uliza kama kodi ya serikali imo kwenye bei uliyotajiwa.

## Hatua ya 5: Siku ya kufika

Fomu ya kuingia nchini huuliza anuani utakayofikia. Iandike kamili, pamoja na simu ya mwenye nyumba. India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Mtumie mwenyeji saa ya kutua kwa saa za kwake.

Anuani za Chennai zina jambo moja la kuchanganya: nyumba nyingi zina namba ya zamani na namba mpya, na zote mbili huandikwa. Dereva akifuata moja na wewe ukafuata nyingine, mtazunguka mtaa uleule usiku. Omba namba zote mbili, jina la kitu kikubwa kilicho jirani (msikiti, duka la dawa, lango la hospitali), na alama ya mahali kwenye ramani ya simu.

Kutoka uwanja wa ndege, chukua teksi ya kulipia kabla, kwenye kibanda cha ndani. Treni ya metro ipo na ina kituo cha Thousand Lights, lakini mwachie mtu asiye na mgonjwa wala mabegi.

Tahadhari: dereva akikuambia nyumba yako imefungwa au imejaa na anayo nyingine nzuri, piga simu kwa mwenyeji palepale. Madalali wa vyumba wapo, uwanjani na nje ya malango ya hospitali, na kamisheni yao huongezwa kwenye bei yako.

## Hatua ya 6: Saa ya kwanza ndani ya chumba

Mgonjwa akae kitini, usimlaze bado. Wewe fungua bomba zote, washa hita ya maji ya ukutani kwa swichi yake na usubiri maji yapate moto, washa kiyoyozi, jaribu kitasa na komeo. Piga picha ya mita ya umeme ikionyesha namba, na ya kila kilichovunjika. Zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Kisha toa pasipoti kwa ajili ya Fomu C. Simama hapo anapoziskani au kuzipiga picha, halafu zirudishe mfukoni. Pasipoti hailali kwa mwenye nyumba, hata kwa mtu mwema.

Umefaulu ikiwa kesho yake, kabla saa 24 hazijaisha, unayo nakala ya Fomu C kwenye simu na jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe mapema.

## Hatua ya 7: Kuishi na wenye nyumba

Viatu huvuliwa mlangoni. Asubuhi utamkuta mama wa nyumba, au msichana wa kazi, amemwagia maji kizingitini na kuchora maua kwa unga wa mchele, vidole vinadondosha unga huku mstari ukipinda bila kukatika. Ni baraka ya nyumba. Pita pembeni, usikanyage, na usiburute begi juu yake. Chumba chao cha sala usiingie usipokaribishwa.

Heshima ya lugha inafanana sana na yetu. Mama mtu mzima mwite Amma, dada aliyekuzidi Akka, kaka aliyekuzidi Anna, hata kama ni mlinzi au dereva wa bajaji. Asante ni nandri. Na mtu akitikisa kichwa huku na huku unapomuuliza jambo, mara nyingi amekubali. Usikasirike ukidhani amekataa. Toa na pokea kwa mkono wa kulia.

Pesa zungumza na mtu mmoja tu wa familia. Ukimlipa mtoto leo na baba kesho, mwisho wa mwezi hesabu hazitakutana. Wenyeji wao hulipana kwa kuskani simu, nawe usiye na akaunti ya India mara nyingi utalipa taslimu, kwa hiyo risiti iandikwe kila mara.

## Hatua ya 8: Kumlisha mgonjwa

Wauguzaji hubeba kilo nyingi za sembe kwa hofu. Beba kidogo ya kuanzia. Jimbo la Tamil Nadu, ambako Chennai iko, wanakula ulezi, wanauita ragi, na unga wake uko duka lolote la vyakula. Unapika uji kama wa nyumbani, na ukiukaza unapata ugali. Wao wenyewe wana ugali wao wa ragi, wanaufinyanga madonge na kuula kwa mchuzi.

Mgonjwa anayeanza kula baada ya upasuaji atapenda idli, vitumbua vya mvuke vya mchele na choroko nyeusi, laini na visivyo na mafuta. Uji wa mchele uombe kwa jina la kanji. Wali uliochanganywa na mtindi hupoza tumbo siku za joto. Kwenye mikahawa sema mapema kwamba hutaki pilipili, na mchuzi uletewe kando. Kwa mwenye figo au kisukari, orodha ya mtaalamu wa lishe wa hospitali ndiyo sheria, ibandike jikoni.

Ukipata jirani kutoka nyumbani, na Greams Road hukosi kusikia Kiswahili, gawaneni zamu ya kupika. Muuguzaji naye anachoka.

## Hatua ya 9: Mgonjwa anaporudi chumbani kutoka wodini

Siku moja kabla ya kuruhusiwa, andaa chumba: shuka safi, njia ya kwenda chooni isiyo na mkeka wala waya, taa ya usiku, kiti cha bafuni, ndala. Mwambie mwenye nyumba saa mtakayofika ili lango liwe wazi na pawe na mtu wa kushika mkono.

Bandeji zilizotumika na sindano usitupe kwenye pipa la familia. Zifunge, sindano ndani ya chupa ngumu, uzirudishe hospitalini siku ya kliniki.

Bandika ukutani namba 108 ya gari la wagonjwa na 112 ya dharura zote, pamoja na namba ya wodi na jina la barabara kwa herufi kubwa. Jioni ya kwanza pima joto la mwili na uliandike. Homa, mshono unaovuja, au kupumua kwa shida ni safari ya hospitali usiku huohuo, usisubiri kliniki.

Kama daktari anasema matibabu yatapita tarehe ya viza, anza maombi ya kuongeza muda siku hiyohiyo, kwa mtandao, ukiwa na barua ya hospitali na nakala ya Fomu C. Ofisi ya uhamiaji wa wageni iko Haddows Road, Nungambakkam, si mbali na Greams Road. Ukihamia nyumba nyingine, hata ya mtaa uleule, mwenyeji mpya anatakiwa kujaza Fomu C yake.

## Hatua ya 10: Kufunga hesabu

Mpe mwenye nyumba taarifa mara tu daktari anapotaja tarehe ya kuondoka. Usikate tiketi ya mwisho kabla ya kupata barua ya kuruhusiwa kupanda ndege, maana baadhi ya mashirika ya ndege huidai kwa aliyepasuliwa karibuni.

Siku mbili kabla, someni mita pamoja na kuilinganisha na picha uliyopiga siku ya kwanza. Omba bili moja yenye tarehe ya kuingia, ya kutoka, kodi, umeme na gesi kila kimoja na kiasi chake. Mwajiri, bima au ukoo uliochanga watataka kuiona. Dhamana yako, kama uliweka, irudishwe kwa taslimu kabla hujafunga mabegi, na rupia zilizobaki zibadilishe uwanjani kwa kuonyesha risiti ya pale ulipozinunua.